Pachi hawashiki? Anza na mahali, chambo baadaye

Kila ifikapo Septemba simu yangu hujaa picha za ndoo tupu. Wanaozituma ni watu wetu waliohamia Ohio, Michigan na ng'ambo kule Ontario, wengi wao wamekulia kando ya maji: Mwanza, Kisumu, Kigoma, Kalemie. Samaki wanawajua. Wamekata leseni, wamenunua fimbo mpya, wamesimama kwenye gati la Ziwa Erie tangu alfajiri wakitafuta pachi wa njano (yellow perch), na yule mzee wa Kimarekani aliye hatua kumi kutoka kwao anafunika ndoo yake iliyojaa na kwenda zake. Swali huwa lile lile: "Kaka, yule alitumia chambo gani?"

Chambo ndicho kitu cha mwisho ninachouliza. Huanza na mahali, halafu kina, halafu ukubwa wa ndoana. Pachi wa njano hutembea kwa makundi na hula karibu na chini. Kundi likiwa chini yako, hata kipande cha nyungunyungu kilichonyauka kitaliwa. Lisipokuwepo, duka zima la vifaa halitakusaidia. Ila dukani hawawezi kukuuzia mahali, ndiyo maana wanakuuzia rangi.

Jambo moja la jina kabla hatujaanza. Kwa Kiingereza sangara wetu wa Victoria naye huitwa pachi, pachi wa Nile, na watu hufika huku wakitegemea kukutana na ndugu yake. Si ndugu, hata familia yao ya kibiolojia ni mbali mbali. Sangara anaweza kupita kilo 100. Pachi wa njano wa kupigia picha ana sentimita 30, na wengi utakaowavua wana 18 hadi 25. Ubavuni ni wa njano, ana mistari sita hadi tisa ya giza inayoshuka kutoka mgongoni, na mapezi ya tumboni yana rangi ya chungwa. Pezi la kwanza la mgongoni ni miiba mitupu na kifuniko cha shavu kinakata, kwa hiyo mshike ukilaza miiba kutoka kichwani kwenda mkiani.

Leseni ya Ohio inamhusu kila mwenye miaka 16 na kuendelea. Idadi ya pachi wa Erie unaoruhusiwa kwa siku hupitiwa kila mwaka na hutofautiana kati ya sehemu na sehemu ya ziwa, basi soma ya mwaka huu, usitegemee aliyokuambia jirani.

Saa nzima, hakuna hata anayedonoa

Malalamiko mengi ni haya, na jibu karibu kila mara ni kwamba hawapo. Dakika ishirini bila mguso zinatosha. Kwenye boti ng'oa nanga; kwenye gati sogea hatua thelathini, au hamia upande wa pili wa ukuta wa mawimbi. Nimeona mtu akikaa kiti kimoja kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa sita mchana, akibadilisha ndoana mara tisa.

Lakini kuhama bila kujua uendako ni kuzurura, kwa hiyo fuata msimu.

Barafu ikishayeyuka, Aprili hivi, pachi huingia maji mafupi kutaga. Maji yakiwa ya nyuzi 7 hadi 12 za Selsiasi, jike hutoa mayai yaliyoshikana kwenye utepe mrefu wa ute uliojikunja kama kodiani, akautandaza juu ya majani ya majini au matawi yaliyozama. Ukiuona utepe huo umefika mahali penyewe, ingawa huenda umechelewa siku chache. Tafuta ghuba zenye mabaki ya majani ya mwaka jana, kina cha mita 1 hadi 3. Madume hutangulia na hukawia kuondoka, na madume ni wadogo, kwa hiyo usishangae ndoo ya vijisamaki wakati huo.

Kiangazi kwenye maziwa madogo ya bara, watafute ukingo wa nje wa majani, pale majani yanapokatika na maji kuzama, mita 3 hadi 6. Kwenye Erie wameshaenda mbali na nchi kavu, futi 30 hadi 50 za maji, yaani mita 9 hadi 15. Julai gatini utapata jua na watalii.

Kiangazi hicho hicho kuna mtego unaowashinda hata wenye boti. Sehemu ya kati ya Erie, ile iliyo mbele ya Cleveland, hugawanyika tabaka mbili: maji ya vuguvugu juu, ya baridi chini, na hayachanganyiki. Mwani unaokufa juu huzama na kuoza chini, na kuoza huko hula oksijeni yote ya tabaka la chini. Agosti na mwanzoni mwa Septemba maeneo makubwa ya sakafu ya ziwa hayana hewa ya kumtosha samaki. Pachi hukimbia: ama husogea kwenye maji mafupi zaidi, ama hupanda na kukaa juu ya mpaka wa tabaka. Utajuaje? Kidagaa hai ulichokishusha hadi chini kinarudi kimekufa, bila alama ya jino. Ukiona hivyo usibishane na ziwa. Endesha kuelekea nchi kavu mpaka kidagaa kirudi kinapiga mkia, au pandisha ndoana juu ya mpaka huo, ambao kwenye kioo cha sonari, kile chombo cha kutafuta samaki kwa mawimbi ya sauti, mara nyingi huonekana kama ukungu mwembamba uliolala.

Vuli ndiyo fungu la asiye na boti. Maji yakipoa vidagaa huingia bandarini na pachi huwafuata; Septemba hadi Novemba kuta za Cleveland na gati za Fairport Harbor hujaa watu. Ukiona shakwe wanapiga mbizi karibu na ukuta, tembea kuelekea huko hata kama umeshakunjua kiti.

Na saa nazo. Sisi tumezoea uvuvi wa usiku: karabai inawaka, dagaa wanakuja. Pachi huwinda kwa macho, mchana. Giza likiingia hulala chini asijali kitu. Jamaa mmoja alikuja gatini saa nne usiku na taa ya nguvu, akakesha. Alipata kambare wawili wa huku, na mafua.

Kama mahali na saa ni sawa, pima kina. Wengi huweka kiboya mita moja na nusu juu ya ndoana kwenye maji ya mita sita, eti kwa sababu kiboya kilikuja kimefungwa hivyo dukani. Toa kiboya. Shusha chubwi mpaka uzi ulegee, ujue umegusa chini, kisha inua sentimita 15 hadi 30. Hapo ndipo pa kuanzia.

Wanadonoa, ndoana inatoka tupu

Hii ni habari njema, mahali umepapata. Sasa tazama ndoana. Pachi ana mdomo mdogo kuliko unavyodhani, na ndoana ya namba 6 au 8 inamtosha. Nyungunyungu mzima anayening'inia ni karamu ya bure: samaki anavuta mkia, anaukata, anaondoka. Weka kipande cha sentimita mbili tu, kifunike ncha. Kidagaa kikiwa kirefu kuliko kidole chako kidogo, kikate nusu.

Halafu fimbo. Fimbo ngumu ya kuvutia samaki wakubwa haikuambii kitu. Pachi hanyakui, anafyonza. Mara nyingi unachohisi ni uzi kuwa mzito kidogo, au kinyume chake, kulegea ghafla kwa sababu amebeba chubwi kuelekea juu. Uzi wa nguvu ya pauni 4 hadi 6 unatosha kabisa, na fimbo iwe nyepesi ya ncha laini.

Au fanya kama mzee mmoja wa Kalemie ninayekutana naye pale ukutani. Ana fimbo, ameiegemeza tu. Uzi ameupitisha juu ya kidole cha shahada, kama alivyokuwa akivua kwa mshipi kule Tanganyika, na akisikia jambo anavuta kwa kifundo cha mkono, sentimita chache, basi. Nilimuuliza, "Mzee, unajuaje kama ni samaki au wimbi?" Akanijibu, "Wimbi linarudi, mwanangu. Samaki harudi." Nimejaribu na ni kweli: wimbi huvuta na kuachia kwa mwendo mmoja, samaki huvunja mwendo.

Chambo kinaisha kila dakika, na mtetemo ni wa haraka haraka

Huyo si pachi, ni gobi. Ni kisamaki cha rangi ya matope, kichwa kikubwa, chenye doa jeusi kwenye pezi la mgongoni na mapezi ya tumboni yaliyoungana kuwa kama kikombe cha kunyonyea mwamba. Asili yake ni Bahari Nyeusi na Kaspi. Alionekana huku kwa mara ya kwanza mwaka 1990, kwenye Mto St. Clair, baada ya kusafiri ndani ya maji ya kusawazishia meli. Penye mawe wamejaa, hasa kandokando ya kuta.

Dawa yake ni kwamba gobi hana bondo, yaani mfuko wa hewa tumboni, la kumwelesha, kwa hiyo hukaa amelalia sakafu. Inua ndoana nusu mita kutoka chini. Pachi atapanda kuifuata, gobi ni nadra. Ukiona bado, ondoka kwenye mawe uende kwenye mchanga au tope. Ukimvua gobi usimweke hai kwenye ndoo wala kumfanya chambo hai, sheria za majimbo mengi zinakataza. Pachi mwenyewe hula gobi kwa furaha, jambo ambalo hunifariji kidogo.

Walikuwa wanakula vizuri, ghafla kimya

Kundi limesogea, au wewe umesogea. Kwenye boti angalia la pili kwanza: upepo ukigeuka, boti huzunguka kwenye nanga na kuhama mita kumi bila wewe kuhisi. Mara tu unapopata samaki wa kwanza tupa alama majini. Chupa tupu ya maziwa yenye uzi na jiwe inatosha.

Kama hujahama, hakikisha muda wote kuna ndoana moja chini. Kundi hubaki pale linapoona mwenzao anahangaika na chakula. Wenzetu wakipata, wote wawili wanainua kwa pamoja, wanashangilia, wanapiga picha, na wakishusha tena sakafu iko tupu. Mmoja avue, mwingine aache uzi chini hadi wa kwanza arudi. Kwa sababu hiyo hiyo wengi huku hutumia uzi wa ndoana mbili juu ya chubwi moja, na ukimpata wa kwanza hupati hasara kusubiri sekunde chache.

Ikiwa kimya kimekuja jioni, na baada yake ukapata mvuto mmoja mzito uliokata uzi, ni wolai, samaki mwindaji mkubwa kuliko pachi. Huyo huona gizani kuliko pachi, na jua likizama ndiyo zamu yake. Kundi limetawanyika, nenda nyumbani, au badilisha uzi umvue yeye.

Nawaona kwenye sonari, hawataki

Hapa ndipo chambo kinapostahili kuulizwa. Mwezi wa Juni, hasa magharibi mwa Erie, mabuu ya nzi wakubwa wa ziwani hutoka kwenye tope kwa mamilioni na kupanda juu kuwa wadudu wenye mabawa. Ni kama wale wanaoinuka mithili ya moshi juu ya Victoria, ila hawa ni wakubwa, na makundi yao huonekana hata kwenye rada za hali ya hewa. Pachi akishiba mabuu hayo hakitazami kidagaa.

Pasua tumbo la samaki wa kwanza utakayempata. Ukikuta mabuu, weka kipande kidogo cha nyungunyungu au funza wawili, kishuke taratibu. Ukikuta vidagaa, weka kidagaa. Ukikuta gobi, weka jigi (ndoana yenye kichwa cha risasi) ndogo ya rangi ya tope inayogonga sakafu. Tumbo linakuambia zaidi ya muuza duka, na halina haraka ya kufunga. Vidagaa hai nunua karibu na ziwa unalovulia, usivihamishe kutoka ziwa jingine wala kumwaga vilivyobaki majini. Tangu ugonjwa wa virusi unaovujisha damu uue samaki wengi wa Maziwa Makuu ya huku Amerika miaka ya 2005 na 2006, masharti ya chambo hai yamekazwa, na sababu yake ni ya haki.

Napata vidogo tu

Pachi hukaa na wa rika na saizi yake. Ukivua kumi wa sentimita 13, wa kumi na moja atakuwa wa 13. Hama. Mara nyingi wakubwa wako chini zaidi ya wadogo, au nje kidogo ya ukingo.

Kuna maziwa ambayo hata ukihama hutapata kitu, na heri ujue mapema. Jike mmoja hutaga mayai kwa makumi ya maelfu. Kwenye kijiziwa kisicho na wolai au samaki wengine wa kuwala, watoto hujaa, chakula hakitoshi, na mtu mzima anabaki na sentimita 14 maisha yake yote. Huyo si mtoto wa kusubiriwa akue. Hakuna ndoana wala chambo cha kurekebisha ziwa la namna hiyo. Badilisha ziwa. Wanaotaka majitu husafiri hadi Devils Lake kule North Dakota, au Cascade huko Idaho. Rekodi ya uzito ya pachi wa njano imekaa tangu Mei 1865, Bordentown, New Jersey: pauni 4 na aunsi 3, karibu kilo 1.9. Miaka zaidi ya 150 watu wanajaribu.

Anachomoka akifika juu

Ngozi ya mdomo wa pachi ni nyembamba kama karatasi. Legeza breki ya kigurudumu, zungusha kwa mwendo mmoja bila kusitasita, usimnyanyue kwa uzi kutoka majini hadi juu ya ukuta wa mita tatu. Tumia wavu wenye mpini mrefu. Uzi ukijisokota baada ya hapo, funga kizunguko kidogo juu ya ndoana, umemaliza.

Juu ya barafu: anakuja, anatazama, anaondoka

Kwanza barafu. Sentimita 10 za barafu safi, ngumu, inayoonyesha chini ndicho kiwango cha chini cha mtu kutembea. Nyeupe yenye theluji ndani yake ina nusu ya nguvu, hivyo inahitaji unene mara mbili. Toboa ukipima kila hatua kadhaa, usiende peke yako, ning'iniza shingoni misumari miwili ya mkono ya kujivutia ukitumbukia. Erie ina hatari ya pekee: upepo wa kutoka nchi kavu humega bamba zima na kuondoka nalo. Februari 2009 zaidi ya watu 100 waliokolewa kutoka bamba la namna hiyo upande wa Ohio. Mimi barafu ya Erie siikanyagi. Kuna Simcoe kule Ontario na Mendota pale Madison, maziwa madogo zaidi.

Sasa samaki. Majira ya baridi pachi wengi huhamia uwanda wa tope, ambako hula vijibuu vyekundu vilivyojichimbia. Maji chini ya barafu ni maangavu na samaki hana haraka. Akija kwenye ndoana akasimama, kosa lako ni mojawapo kati ya mawili: jigi ni kubwa, au mkono wako haujatulia. Punguza hadi jigi ndogo kabisa yenye funza mmoja, uzi wa pauni 2 au 3. Kumwita, gonga jigi kwenye tope mara tatu nne, vumbi la matope liinuke. Humvuta kutoka mbali. Akishakaribia, acha. Usiitikise hata kidogo. Kisha inua polepole sana, kama kitu kinachotoroka, na hapo ndipo wengi hufyonza.

Na toboa mashimo mengi kabla ya kuanza kuvua, ishirini kama una nguvu. Kutoboa shimo moja na kulikalia siku nzima ni kosa lile lile la kiti cha gatini, ila kwa baridi.

Niliowarudisha wanaelea

Watu wa Mwanza wanalijua bondo, maana wameliuza. Bondo la pachi halina mrija wa kutolea hewa kooni. Akivutwa haraka kutoka zaidi ya mita 10 hewa hupanuka, tumbo linatoka mdomoni, na ukimrudisha anaelea hadi shakwe wamfikie. Kwa hiyo kwenye maji marefu usichague: kila mwenye saizi halali anaingia ndooni na kuhesabiwa, na ukifikisha idadi yako acha kuvua. Ukipata vidogo mfululizo kule chini, hama mara moja, usiendelee kuwapasua huku ukitafuta mkubwa.

Nyama ina minyoo, au imelegea

Vijipunje vya njano saizi ya mchele, au mnyoo mwekundu aliyejiviringisha: vyote ni vimelea ambavyo mwisho wa safari yao ni ndege wala samaki, si wewe. Vichomoe kwa ncha ya kisu, kaanga minofu mpaka iive hadi ndani, kula. Mbichi usile.

Nyama kulegea si ugonjwa. Ni ndoo ya maji iliyoachwa juani kwa muda wa saa nne. Beba kasha la barafu, mimina barafu kwanza kabla ya samaki wa kwanza kuingia, na fungulia tundu la chini maji yatoke. Minofu ya pachi ni myembamba, dakika mbili kila upande kwenye mafuta ya moto zinatosha. Ngozi mimi siitoi, lakini magamba yake ni magumu, yapare samaki akiwa bado amelowa.